Niliambiwa nitakuwa daktari, Fizikia imekataa

Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni binti wa miaka 20, wa tatu kati ya watoto sita, kwetu ni Mvumi, wilaya ya Chamwino. Baba ni mwinjilisti wa mtaa katika kanisa letu la Anglikana, na analima uwele, alizeti na karanga. Mwaka huu nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), katika shule ya bweni ya serikali. Nimepata Divisheni ya Pili ya pointi 11: Kemia C, Baiolojia C, Fizikia E. Nyumbani walichinja mbuzi.

Nikiwa kidato cha tano, mama mmoja wa kikundi cha maombi, mtu ninayemheshimu sana, aliniita baada ya ibada akaniambia kuwa Mungu amemwonyesha mimi nimevaa koti jeupe nazunguka wodini. Akasema nisiombe kitu kingine chochote, maana kuomba vitu viwili ni kumjaribu Mungu. Neno hilo nililishika. Matokeo yalipotoka nilikuwa kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Nilipopata simu nikamwambia kaka yangu aliyeko mjini aende steshenari aniombee udaktari tu, vyuo vitatu. Majina yametoka, sikuchaguliwa hata kimoja. Wenzangu niliowazidi darasani wamechaguliwa ualimu na uuguzi. Sasa nimerudi nyumbani, na kanisani baadhi ya watu wananiangalia kama mtu mwenye dhambi ya siri. Mama yule anasema nifunge siku saba kisha niombe udaktari tena awamu ya pili.

Baba naye anataka niende Chuo Kikuu cha St John's, hapa Dodoma, kwa sababu ni chuo cha kanisa letu. Anasema kwenye vyuo vya serikali mabinti wanaacha imani mwaka wa kwanza. Fomu ya mkopo hataki kuisaini. Anasema Biblia inasema akopaye ni mtumwa, kwa hiyo yuko tayari kuuza ng'ombe wawili kati ya watano tulio nao. Kaka ananiambia pembeni kwamba pesa ya ng'ombe hao haitafika hata mwaka wa pili.

Mimi mwenyewe, Mwalimu, sijui ninachotaka. Nilipokuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne nilikuwa nawafundisha Baiolojia watoto wa kidato cha kwanza kwenye jengo la shule ya Jumapili, jua linazama bado hatujamaliza na hawataki kuondoka. Lakini nilichoambiwa ni udaktari. Shuleni nilikuwa katibu wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, nafundisha wenzangu namna ya kuisikia sauti ya Mungu, na leo mimi ndiye nisiyesikia kitu.

Awamu ya pili ya maombi inafunguliwa karibuni. Nifanyeje?

Binti wa Mwinjilisti, Mvumi

*

Amina, mwanangu. Nianze na hao wanaokuangalia kanisani, maana nadhani ndio wanaokunyima usingizi.

Hukukosa udaktari kwa sababu ya dhambi. Umekosa kwa sababu ya E ya Fizikia, basi. Mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu, unamtaka anayeomba MD, yaani shahada ya udaktari, awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa jumla isiyopungua pointi 6, na katika masomo hayo matatu hakuna hata moja linaloruhusiwa kushuka chini ya D. Jumla unayo, tena inazidi. D ya Fizikia huna. Mfumo wa chuo ukiona E unakuweka kando, na ungemweka kando hata mtoto wa askofu.

Kuna jambo hapa linawachanganya wengi, pamoja na wazazi waliosoma, na sitashangaa kama ndilo lililompoteza kaka yako pale steshenari. Pointi 11 ulizopewa na NECTA, baraza la mitihani, sizo anazohesabu TCU. NECTA huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4 na E 5, ndiyo maana kwao mwenye pointi chache ndiye anayepigiwa makofi. TCU hugeuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwao wewe una 7. Mtu anayekuambia "una kumi na moja, wao wanataka sita, umevuka mbali" amechanganya hesabu mbili zinazokwenda kinyume.

Sasa huyo mama wa maombi. Sitamsema vibaya na sitaki wewe umseme vibaya. Mtu anayekutaja kwa jina katika maombi tangu kidato cha tano ni wa kushukuriwa. Wala sitakuletea ule ujanja wa kusema kwamba koti jeupe linaweza kuwa la muuguzi, au la mwalimu aliye maabara, ili unabii uonekane umetimia vyovyote itakavyokuwa. Nina neno moja tu juu yake. Alichoona ni chake na amekisema. Alichoongeza, kwamba usiombe kitu kingine, hakikuwa maono tena. Ulikuwa ushauri wa masomo, na ameutoa bila kufungua mwongozo.

Paulo aliwaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na pumzi ileile akawaambia wajaribu mambo yote, walishike lililo jema. Watu wanapenda nusu ya kwanza. Wewe ulipewa neno ukalishika miaka miwili bila mtu yeyote kulipima pamoja nawe: si mwalimu wako wa Fizikia, aliyekuwa anaona alama zako kila muhula, si kasisi wa parishi, si wazazi. Hilo si kosa lako peke yako. Watu wazima walikuwapo.

Kufunga, funga. Lakini usifunge ili E igeuke D. Ukipeleka matokeo yaleyale kuomba kozi ileile, jibu litakuwa lilelile, na utakuwa umetoa ada ya maombi mara ya pili na kuchelewa mwaka mzima.

Kama moyo wako bado unautaka udaktari, na nasema wako, njia zipo. Unaweza kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea katika mtihani wa Mei ijayo. Au unaweza kuomba stashahada ya utabibu kwenye vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, miaka 3, na ukitoka na ufaulu mzuri ukaomba MD. MD ni miaka 5, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Kwa njia ya stashahada hesabu miaka 9 hata kama hakuna kinachokwama njiani, na ndani ya miaka hiyo wapo wadogo zako watatu wanaosubiri zamu yao. Wapo waliopita huko wakafika. Ila ni safari ya mtu anayeitaka kazi hiyo yeye mwenyewe, na katika barua yako sijaona mahali ulipoandika kwamba unaitaka.

Nilichokiona ni kingine. Udaktari umeuandika mara nyingi, lakini sentensi iliyokuwa na uhai ni ile ya watoto wa kidato cha kwanza waliokataa kuondoka jua likizama. Umeiandika haraka, kama mtu anayetaja jambo lisilo na maana, kisha ukakimbilia "lakini". Nimesimama darasani muda wa kutosha kujua kwamba watoto hawakai hadi magharibi kumsikiliza mtu asiyejua kufundisha. Unasema husikii kitu. Mimi ningeanza kusikiliza hapo.

Kwa Kemia na Baiolojia zako, shahada ya ualimu wa sayansi ni miaka 3. Sikudanganyi kuhusu ajira: wahitimu wa ualimu wanakaa mtaani muda mrefu, kila mtu anawajua wawili watatu. Lakini anayefundisha Kemia na Baiolojia hasubiri kwenye foleni moja na wa masomo ya sanaa, na shule za sekondari za mkoa wetu bado zinahangaika na walimu wa sayansi. Shahada ya uuguzi ni miaka 4 na ina mwaka wa utarajali pia. Alama zako zinaelekea kukubeba, ila soma sifa za kila chuo, wapo wanaoongeza masharti yao. Na kwa kuwa uko Mvumi huna haja ya kubahatisha. Hospitali ya kanisa iko hapo hapo pamoja na chuo chake cha uuguzi. Kabla hujajaza uuguzi, mwombe muuguzi mmoja akupe nusu saa, akueleze zamu ya usiku ilivyo na wagonjwa wangapi anawahudumia peke yake. Ukitoka pale bado unaitaka, ijaze kwa moyo mmoja. Ukitoka umenywea, umejua mapema.

Twende kwa baba.

St John's ni chuo kizuri, kiko pale Mazengo, kina ualimu na kina uuguzi. Ukichaguliwa huko nenda kwa furaha. Ila sababu ya baba ndiyo isiyonikaa. St John's na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma cha serikali, vyote vilianza mwaka 2007, viko mji mmoja, wanafunzi wake wanakutana kwenye daladala zilezile, na Jumapili wanasali kwenye makanisa yaleyale ya mjini. Binti anayetaka kupotea hana haja ya kuhama chuo. Na anayetaka kusimama atakuta wenzake popote, kwenye vyama vya wanafunzi Wakristo: UDOM wapo TAFES, wapo USCF ya makanisa ya CCT, ambako mtoto wa UKWATA hujisikia nyumbani mapema, wapo CASFETA wa Kipentekoste na TMCS wa Katoliki. Mwambie baba hivyo, tena mwombe yeye ndiye akutafutie kwa kasisi namba ya kiongozi wa ushirika kabla hujaondoka. Mzazi mwenye hofu akipewa kazi ya kufanya, hofu yake hupungua.

Mambo mawili yanaamua zaidi ya jina la chuo, nayo ni wiki za kwanza na mahali unapolala. Omba bweni la chuo mapema, ulipate. Chumba cha kupanga Ng'ong'ona, mtaani karibu na UDOM, kinaweza kuwa nafuu kwa mfuko, lakini mwaka wa kwanza huko unajikuta unapanga na mtu uliyemfahamu jana, na hakuna anayejua umerudi saa ngapi. Mwaka wa pili ukishawajua watu, hilo ni jambo lingine.

Kuhusu mkopo nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo naona mwaka wako unaweza kuharibika.

Mstari wa baba upo, ni Methali 22:7, na ni kweli. Unaonya. Deni ni mzigo, na anayelichukua ajue anachukua mzigo. Haukusema kukopa ni dhambi, na nadhani baba anajua hilo kuliko mimi. Anachoogopa ni mikopo aliyoiona kijijini, ile ya kausha damu, ambayo mtu anakopa kidogo na kunyang'anywa kitanda. Huu wa wanafunzi wa vyuo hauko hivyo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikilivimbisha deni mhitimu akiwa bado hana kazi ilifutwa mwaka 2021. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe, na hata aliyejiajiri anatakiwa kulipa. Asilimia 15 inauma, usidanganyike. Kila mwezi utaiona kwenye karatasi ya mshahara na utanung'unika. Lakini siku hiyo utakuwa na mshahara wa kunung'unikia.

Na ng'ombe je? Baba anadhani akiwauza atakuwa hana deni. Atakuwa na deni kwa wadogo zako watatu, na hao hawajaandikishiana naye popote. Mwaka wa pili ukifika pesa imekwisha, utarudi nyumbani na vitabu, yeye atabaki na ng'ombe watatu, na mkopo utakuwa umeuchelewa.

Usiende kumjibu kwa Maandiko. Mwinjilisti hajibiwi mistari na binti yake. Utashindwa, na hata ukishinda utakuwa umeshindwa. Nenda na karatasi. Andika ada ya kozi kwa mwaka kama ilivyo kwenye mwongozo, zidisha kwa miaka, weka chakula, malazi na nauli, chini andika bei ya ng'ombe wawili kwa bei ya mnada wa sasa. Mwonyeshe mama kwanza, peke yenu. Kisha mwombe kasisi aje jioni moja, na kaka awepo. Baba akianza kusema habari ya utumwa, kasisi ndiye amkumbushe yule mtu wa kwenye Injili ya Luka aliyetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kuhesabu gharama. Lisitoke kinywani mwako. Na usitafute mdhamini mwingine kwa siri, hata kaka akikushawishi. Utaupata mkopo na kumpoteza baba, na Mvumi habari haichukui siku mbili.

Ila fanya haraka kuliko tulivyozoea, kwa sababu dirisha la mkopo lina tarehe yake na halisubiri udahili. Watu wengi hukaa wakingoja wachaguliwe chuo ndipo waombe mkopo, wanakuta limefungwa. Waweza kuomba kabla hujajua unakwenda chuo gani. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, fomu isainiwe na wewe, mdhamini, kiongozi wa serikali ya kijiji na hakimu au wakili. Angalia jina lako leo hii: kama cheti cha kuzaliwa kimeandika hivi na cha kidato cha nne vile, herufi moja tu inatosha kukurudisha. Na hata ukipata, usitegemee kwamba mkopo utafunika kila kitu. Kiwango hutegemea tathmini ya uhitaji wenu. Hapo ndipo ng'ombe mmoja, si wawili, anaweza kuingia kwenye hesabu.

Ukishafika chuoni nina machache. Watakupenda kwenye ushirika, umekuwa katibu, utapewa kazi wiki ya kwanza. Kataa uongozi mwaka wa kwanza. Kwaya Jumanne, maombi Jumatano, mkesha Ijumaa, uinjilisti Jumamosi, halafu matokeo yakitoka mtu ana sapu (mitihani ya kurudia) tatu na anasema shetani anapigana naye. Nimewaona waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, wakiwa na Biblia iliyopigiwa mistari kila ukurasa. Mkesha mmoja kwa mwezi unatosha, na usiku mwingine wa kukesha uutumie kwa Kemia.

Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, likiingia, watatokea wahubiri wa kukuambia upande mbegu. Hiyo ni pesa ya chakula na malazi, umeikopa, na utailipa. Toa sadaka yako kwa kiasi, kwa furaha, kanisani unakosali. Anayetaka bumu lote ili akufungulie milango, muulize yeye ada yake ililipwa na nani. Binti aliyemaliza bumu wiki ya pili anaanza kula kwa hisani ya wavulana, na hayo mengine baba yako anayoyaogopa huanzia hapo, siyo kwenye mihadhara.

Kwa mama wa maombi, nenda wewe mwenyewe kabla hujajaza fomu, asije akasikia kwa watu. Mwambie, "Mama, Fizikia nimepata E, hiyo haipokelewi udaktari mwaka huu, naomba ualimu na uuguzi, uniombee." Usimwombe ruhusa na usijadiliane juu ya maono. Akikasirika, mpe muda.

Awamu ya pili ikifunguliwa, angalia kwanza orodha ya kozi zenye nafasi zilizobaki, maana nyingine zimeshajaa. Jaza UDOM na St John's vyote viwili, na kila mahali panga kozi unazozitaka kwa mpangilio wa ukweli wako, si wa mtu mwingine. Namba ya simu unayojaza iwe yako, si ya kaka wala ya steshenari, kwa sababu ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja, na usipothibitisha ndani ya muda unaweza kupoteza nafasi vyuo vyote.